Kuni Zilizofungwa kwa Isale

Wawira mwanangu,

Mwandiko huu utautambua. Ni wa Rwamba mdogo wako, lakini maneno ni yangu mimi mama yako. Nimemkalisha juu ya gunia penye mwanga wa mlango, nami niko kando yake nachambua punje nyeusi za njahi za safari yenu. Nimemwambia asirembe. Amenijibu kuwa mwalimu wao hukata alama mtu asiporemba. Basi nikamwambia mwandiko aurembe, maneno ayaache yalivyo. Tunaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ulichojifunzia kusoma kule Tanganyika, na kwa sababu mengi ninayotaka kukuambia yalitendeka kwa Kiswahili. Nikiyasimulia kwa Kiembu hayakai sawa.

Wewe na Mwiti mmekwenda kwa chifu kugongewa muhuri kibali cha kusafiri. Kipenga cha jioni kikilia, lango la kijiji litafungwa na kila mtu atakuwa ndani. Kabla ya hapo barua hii itakuwa imelala katika kiondo chako, juu ya njahi. Isome kesho kukipambazuka, kabla lori halijapiga honi. Ina jibu lako.

Maana leo mchana uliniuliza. Tulikuwa mtoni, tumekwisha kujaza maji, ukaweka debe lako chini badala ya kujitwika. Ukasema, "Mama, nimezungumza na Mwiti. Amesema kama sitaki, hatanilazimisha. Atakwenda Jinja peke yake kwenye hiyo kazi yake ya hospitali, mimi nibaki nanyi mpaka mambo yatulie. Nyinyi mlizoea kule, mkang'olewa. Mimi sitaki kuzoea mahali tena. Sasa sema wewe. Ukisema nibaki, nitabaki."

Nami nikajitwika debe langu nikaanza kupanda mlima. Ulinifuata nyuma mpaka langoni, na neno sikutoa. Labda ulidhani nimekasirika. Sikukasirika. Neno lilikuwa limefika hapa kwenye meno, na ningefungua kinywa lingetoka lile ambalo sikutaka litoke. Wajua kama nijuavyo mimi kwamba kibali kimeandikwa majina mawili, na kisipotumika kesho, hakuna ajuaye kingine kitapatikana lini. Sisi hapa twaomba ruhusa hata ya kwenda kuchimba viazi vitamu katika shamba letu wenyewe. Kwa hiyo nilichokinyamazia si kitu kidogo.

Sitakuambia namna ya kuishi na mume, wala jinsi ya kumbeba mtoto Mungu akikujalia. Hayo mama mkwe wako alikueleza siku nzima Jumapili, na nilikuona ukipiga miayo nyuma ya kiganja. (Hapa Mama amecheka. Nimeandika ili ujue.) Mimi nitakuambia habari za watu wawili waliokaa ugenini vibaya. Unawajua, lakini ulikuwa mdogo, na mtoto huwaona wazazi wake kama anavyoona nguzo za nyumba. Hajiulizi kama zinaumwa.

Ulikuwa bado hujasimama vizuri tulipokwenda. Baba yako alitangulia, akiwafuata wajenzi wa shule ya misheni kule mitelemkoni juu ya Moshi. Aliporudi kutuchukua aliniambia, "Kazi ya milango na madirisha tu. Nikimaliza tunarudi." Akanitengenezea sanduku la mbao, lile kubwa lenye mikono ya kamba, akaniambia nitie vyote humo. Shule ikaisha, ikaja zahanati. Zahanati ikaisha, yakaja mabweni. Na mwanangu, sanduku lile halikufunguliwa mpaka chini hata mara moja. Nilikuwa nachomoa nguo, navaa, nafua, nakunja, narudisha. Ukutani hapakuwa na msumari mmoja, nyumbani kwa seremala! Tulikaa kama watu waliosikia wanaitwa nje, na wanasubiri tu kuitwa mara ya pili.

Baba yako alikuwa na kigoda. Kila jioni alikitoa nje, akakiegemeza ukutani, akaketi akiupa mlima mgongo. Watu wa pale wanaupenda mlima wao, wewe wajua. Mawingu yakifunguka hata mwenye shughuli husimama. Wakipita njiani wanamwambia, "Fundi, mlima umekukosea nini?" Naye anajibu, "Huo ni wa kwenu. Wa kwetu haujakatwa kichwa." Wakimcheka, naye hacheki.

Mimi nilimhesabu kuwa ni mtu mgumu. Nilikuwa nasema nyumbani mchana kutwa: mvua ya kwetu, udongo wa kwetu, njahi za kwetu zisizoiva haraka kama haya maharagwe ya watu. Yeye kimya. Siku moja nilimwambia mbele yako, "Wewe umesahau hata jina la mto ulioogea utotoni." Aliinuka akatoka. Nilikuja kujua baadaye sana, akaniambia mwenyewe kwa sauti ya mtu anayezungumzia msumari uliopinda. Alisema, "Asubuhi na mapema theluji ni theluji. Nikiiona nadhani niko kwetu, halafu naona ule ubapa wake. Kukosa nyumbani si kitu. Kukumbuka upya kila siku kwamba sipo, hilo ndilo lililonichosha." Kumbe nilikuwa nikikaa na mtu anayeumwa zaidi yangu, namlaumu kwa kutopiga kelele.

Nakuambia hili kwa sababu ya Mwiti. Yeye ni mtu wa maneno, wewe ndiye mkimya. Huko Jinja ataimba habari za kwao Meru kila siku, mpaka utamchoka. Atakuona umenyamaza, adhani umesahau. Mwambie. Hata mara moja kwa mwezi, mwambie ni wapi panapokuuma.

Baba yako amepita hapa mlangoni sasa hivi akauliza tunaandika nini. Nimemwambia tunaandika jinsi alivyougeuzia mlima mgongo. Amesema, "Andikeni na hili: Mwiti asilikalie lile sanduku nililowatengenezea. Sanduku si kiti. Mtu akishalifanya kiti hatalifungua." Kisha amekwenda zake. Nimemwambia Rwamba aliandike kama lilivyo.

Kosa langu jingine ulilibeba wewe. Kila jioni nilikulisha Embu kabla hujalala. Nilikusimulia mto Thuci, jinsi maji yake yalivyo baridi na matamu hata mtu akinywa hufumba macho. Nilikusimulia boma la babu yako, mizinga ya nyuki, ndizi zinazoiva mtini. Niliviondolea vumbi na inzi. Nilidhani nakupa urithi. Siku moja Mama Manka jirani yetu alikupa kata ya maji ukiwa na kiu, nawe mtoto mdogo ukamwambia, "Maji haya si matamu. Ya Thuci ndiyo matamu." Hukuwa umewahi kuyanywa ya Thuci hata tone! Ulikuwa na hamu ya mahali usipopajua, nami ndiye niliyekutia hamu hiyo. Usimfanyie mwanao hivyo. Mwambie na inzi pia.

Sasa nakuja kwenye kuni.

Huyu Mama Manka tulitenganishwa naye na ua tu, na kwa miaka tulikuwa watu wa habari za asubuhi na habari za jioni. Nilipomzaa Rwamba alikuja na chungu cha mtori wao wa ndizi na nyama, umefunikwa kwa jani la mgomba, bado unatoa moshi. Nilimwambia tumbo linauma, siwezi. Tumbo halikuwa linauma. Nilikuwa nalilia uji wetu wa mtama na mama zetu wa kuuleta, na nikaona kama nikila cha Mama Manka nitakuwa nimekubali kwamba hao wa kwetu hawaji. Akabeba chungu chake akarudi nacho. (Mimi Rwamba sikuijua habari hii mpaka leo. Nimemuuliza Mama kama na mimi nililala njaa. Amesema nilinyonya kama ndama.)

Baadaye Mama Manka naye akajifungua. Kwetu, wajua, mwenzako akizaa unampelekea mzigo wa kuni. Mwanamke hampelekei mzazi mikono mitupu. Nikajikuta nataka sana kuubeba mzigo ule; si kwa ajili yake, nasema kweli, ila mgongo wangu uliutamani. Nikaenda kutafuta kuni mchana, nikazipanga vizuri, zilizonyooka tupu. Kamba nikakosa. Pale mpakani kati ya shamba lao na la jirani kulikuwa na ule mmea wa majani marefu magumu, isale. Nikakata majani, nikayaunganisha, nikafunga mzigo, nikapiga fundo moja kubwa juu. Nikaona nimefanya kazi safi. Nikakushika mkono tukaenda.

Uani kwao wanawake walikuwa wengi, wanapika, wanacheka. Nilipoutua mzigo wakanyamaza wote, kama mtu amefunika chungu. Mama mkwe wa Mama Manka, yule Bibi mwenye jicho moja, akainuka na fimbo yake, akaligusa lile fundo kwa kidole.

"Mama Wawira, nani amekutuma?"

"Sijatumwa, Bibi. Nimeleta kuni za mzazi."

"Kuni tunaziona. Mimi mwenyewe nina jicho moja na ninaziona. Na hili isale lenye fundo?"

"Nilikosa kamba, Bibi."

Mwanamke mmoja akapasuka kicheko. "Amekosa kamba! Huyu akikosa sufuria atapikia kofia ya chifu!" Wakacheka wote, isipokuwa Bibi.

Wewe ulikulia kule na hilo jani unalijua kuliko mimi. Mimi nilikuwa nimekaa miaka pale na silijui, maana sikuwa nimeuliza kitu. Nilielezwa siku ile, nimesimama katikati ya watu, jasho linanitoka. Kwamba isale likipigwa fundo likapelekwa kwa mtu, ni kumwomba msamaha. Kwamba anayepelekewa hawezi kukataa, hata kama amekosewa vibaya namna gani. Lakini anayelileta naye lazima alitaje kosa.

"Basi taja," akasema Bibi.

"Sina kosa, Bibi. Ni kuni tu."

"Jani limeingia uani kwangu na fundo lake. Halitoki bure. Taja."

"Labda kulikata mpakani bila kuuliza?"

"Hilo umelifanya leo. Tafuta la zamani."

Nikatafuta, Wawira. Nilisimama pale nikatafuta kosa kama mtu anayetafuta sindano kwenye majani, na wale wanawake wananingoja, wengine wamejiziba midomo wasicheke. Ndipo sauti ya Mama Manka ikatoka ndani, kitandani alikolala na mtoto wake.

"Mimi nalijua kosa lake. Mwacheni nimsaidie. Amekaa hapa tangu Manka wangu hajaota meno. Hajala kwangu hata ndizi moja. Nilimpelekea mtori wa uzazi, chungu kikarudi kimejaa, nikaumwaga mimi mwenyewe kwenye migomba usiku ili mama mkwe asione."

Hakuna aliyecheka. Bibi akageuza jicho lake lile akanitazama.

"Ni kweli?"

Nikasema, "Ni kweli."

"Haya. Kosa limetajwa. Keti."

Wakaniletea bakuli la mtori. Nikala. Uso ulikuwa umelowa, na sijui kilichoingia kinywani kilikuwa mtori kiasi gani na machozi kiasi gani. Nilipolimaliza, yule mwanamke wa kofia ya chifu akanijazia la pili, akasema, "Hili ni la Rwamba." Bibi akalifungua fundo taratibu kwa vidole vyake. "Tumesamehe," akasema. "Na kuni ni nzuri. Lakini siku nyingine njoo na kamba."

Jioni nilimsimulia baba yako. Alicheka mpaka akaiweka randa chini, na mimi sikuwa nimemsikia akicheka tangu tuvuke mpaka. Kesho yake alipigilia misumari ukutani, mstari mzima, akatoa nguo zote sandukuni akazitundika. Siku chache baadaye nikaona kigoda kimehamia upande wa pili wa mlango. Alikuwa ameketi akiutazama mlima, uso umekunjwa kama anayetazama kazi ya fundi mwingine. "Ubapa wake si mbaya," akasema.

Kisha akamwomba mume wa Mama Manka mahali pa kupanda kiazi kikuu. Hapo nilijua mambo yamegeuka. Kwetu kiazi kikuu ni zao la wanaume, na mwanamume hakipandi mahali anapopita. Hukipandia mti wake, kikatambaa juu yake, ukichimba leo unaacha kichwa ardhini, kinarudi, miaka na miaka. Alikipanda kwenye mti wa kivuli katikati ya kahawa zao. Tulikila mara nyingi, nawe ulikuwa ukigombania kile cha katikati.

Miaka ile baada ya kuni nikiitafuta kichwani ninaipata yote. Namwona Manka akikufundisha kusoma kwenye mchanga. Namwona Bibi siku alipokufa, na sisi tumeketi na wafiwa, si na wageni. Ile ya kabla yake nikiitafuta sipati kitu. Naona sanduku tu.

Halafu yakaja unayoyakumbuka. Hali ya Hatari ikatangazwa huku Kenya, na mkono wake ukafika hadi kule. Ikasemwa kwamba sisi wa makabila ya huku turudishwe kwetu. Miaka yote tuliyokuwa tumefunga mizigo hakuna aliyetuita. Siku tuliyoitwa nguo zilikuwa ukutani na chungu kikiwa motoni. Mama Manka alikuja mbio hadi kwenye lori na kopo lenye mche wa isale. "Chukua," akasema. "Huko uendako lazima utamkosea mtu, na kamba zenu siziamini." Hakulia mpaka lori lilipowashwa.

Tukafika. Nataka nikuandikie hili ingawa linaniuma. Ulishuka kwenye lori ukaona handaki lenye miti iliyochongwa, na nyumba zimepangwa mstari kama makaburi mapya, na boma la babu yako halipo, limebaki jivu na mafiga. Ukanishika mkono, msichana mkubwa, ukauliza, "Mama, hapa ndipo?" Nikasema ndipo. Siku ya kwanza tulipoteremshwa mtoni ukainama ukanywa maji ya Thuci. Nilikutazama. Ukafuta midomo ukasema, "Ni maji tu, Mama."

Ni maji tu. Hilo halijanitoka mpaka leo.

Kwa hiyo naelewa unaposema hutaki kuzoea mahali tena. Tulizoea, tukang'olewa. Lakini sikia. Aliyetung'oa aliondoa miili yetu na sanduku. Ile miaka hakuipata. Hata hivi ninavyochambua njahi ninayo. Tungekaa na nguo zimekunjwa mpaka siku ile ya lori, tungerudi hapa na nini? Tungekuwa tumefukuzwa mahali ambapo hatukuwa tumefika.

Na baba yako siku hizi unamsikia. Anaketi mbele ya nyumba anaitazama Kirinyaga, mlima aliouota miaka yote ile, anasema, "Huu una meno mabovu. Ule ulikuwa na ubapa wa haja." Nakuapia ni yeye yule. Hamu ya nyumbani haimtoki mtu, Wawira, inabadilisha upande tu. Itakufuata Jinja. Mpe kigoda akae nawe huyo mgeni, lakini usimwachie kitanda.

Kuhusu ule mche wa Mama Manka. Niliupanda hapa nyuma ya nyumba, na ukitaka kujua ni mara ngapi nusura ung'olewe, kumbuka yule homgadi wa kwanza kuwekwa kulinda kijiji, aliyekuwa akikagua kila nyumba akitafuta vitu vya viapo vya msituni. Aliusimamia na bunduki yake akauliza, "Hii ni nini? Dawa?"

Baba yako akasema, "Ni ua, bwana."

"Ua gani lisilo na maua?"

"La Tanganyika, bwana. Huko wana hata milima isiyo na vichwa."

Homgadi akacheka, akaenda zake. Ukabaki. Sasa umenizidi kimo.

Rwamba ananiuliza kama na hilo handaki litabaki. Nimemwambia sijui. Amesema yeye anaona litafukiwa, na udongo wake utakuwa mzuri kwa viazi vitamu kwa sababu umepumzika. Amelisema kama mtu aliyekwisha kuona, na ameendelea kuandika. Sijamkatiza. Mtu wa umri wake akiona kitu mbele, mwache aone. Huenda utakaporudi kututembelea utapita juu yake bila kujua lilipokuwa.

Jua limefika kwenye paa la jirani. Nimalize.

Leo, mlipokwisha kwenda kwa chifu, nilikata jani moja la isale. Nimelipiga fundo mwenyewe. Na kosa nalitaja, kama Bibi alivyonifundisha. Mwanangu aliniomba neno moja nikamnyima, nikamwacha apande mlima na debe kichwani bila jibu. Nilimnyima kwa sababu neno lililokuwa kinywani lilikuwa "baki", nami nalitaka bado, nikiwa naandika hapa nalitaka. Hilo ni kosa la pili. Na la tatu ni hili ninalolitenda sasa, kukutoa nyumbani kwa mdomo wangu mwenyewe wakati hakuna aliyekulazimisha.

Nenda, Wawira. Nenda na mume wako. Mtu akikuletea chungu, usimwambie tumbo linauma.

Jani hilo hutaliona kesho asubuhi, na usilitafute. Nikikupa mkononi nitalia, nawe ukiniona ninalia hutapanda lori. Nimeliweka katika sanduku alilowatengenezea baba yenu, chini kabisa, chini ya mablanketi, chini ya sufuria, chini ya nguo za Mwiti na zako na zile ndogondogo ambazo mama mkwe wako amezitia bila kuulizwa. Hutalifikia mpaka umetoa kila kitu. Na baba yako ametia misumari katika kitambaa pembeni, akasema mtajua ya nini.

Ukilifikia, lifungue fundo. Wajua kwamba anayepelekewa hawezi kukataa.

Kipenga kimelia. Nakusikia langoni ukibishana na homgadi kwamba hujachelewa. Rwamba anakunja.

Mama yako